Kopo la Nyembe Juu ya Kabati

Mzee anayetuzolea taka mtaani kwetu, huku Tabata, hupita kila Jumamosi kabla ya saa mbili asubuhi, akiwa na guta lake na kijana mmoja wa kumsaidia kusukuma. Jumamosi moja ya msimu wa maembe, mwaka jana, alikishika kiroba changu kwa mkono mmoja juu penye fundo, akatia kiganja cha mkono wa pili chini yake ili akipandishe begani, kisha akakiachia ghafla kikaanguka. Hakupiga kelele. Alikitazama kiganja chake, akanitazama mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na ada yake mkononi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Mama, kiroba chako kimeniuma.”

Tulikilaza kiroba na kukitafuta kilichouma. Kona ya wembe ilikuwa imechomoza nje ya salfeti kiasi cha ncha ya ukucha, na ndani, katikati ya maganda ya maembe na makapi ya chai, wembe wenyewe ulikuwa uchi kabisa. Niliutambua mara moja. Mume wangu alikuwa ameunyolea ndevu wiki nzima, nami Jumatano usiku nikaumalizia kwa kufumua pindo la sketi ya shule ya binti yetu, nikauzungushia mikunjo minne au mitano ya karatasi ya chooni na kuutia katika taka nikijiona mwangalifu. Karatasi ya chooni hutengenezwa ili ilainike na kuachana ikikutana na maji, na maji ya maembe yaliimaliza pengine kabla hata sijaamka Alhamisi.

Jeraha halikuzidi sentimita mbili, lakini jeraha la wembe lina tabia ya kutoa damu nyingi kuliko ukubwa wake, kwa sababu kingo zake zimenyooka na hakuna nyama iliyosagika ya kuziba mishipa. Yule kijana alitaka kulifyonza, kisha akapendekeza petroli. Nilikataa yote mawili. Nilileta jagi na kipande cha sabuni, nikammiminia mzee maji juu ya kiganja huku akijisafisha mwenyewe kwa dakika kadhaa, bila kusugua wala kukamua, kisha tukalikandamiza jeraha kwa kitambaa kilichofuliwa hadi damu ilipokata. Baada ya hapo tulikwenda zahanati, yeye akisisitiza kwamba ninampotezea siku.

Muuguzi aliyetupokea aliuliza mambo ambayo mimi, mtu niliyekulia kwenye nyumba yenye nyembe kila pembe, sikuwahi kujiuliza. Alitaka kujua mara ya mwisho mzee kuchomwa sindano ya pepopunda ilikuwa lini, kama wembe ule ulikuwa umetumika kwenye ngozi ya mtu, na kama mtu huyo anajulikana. La kwanza lilikuwa jepesi, kwa kuwa mzee hakukumbuka, na asiyekumbuka huchomwa. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba pepopunda hutoka kwenye kutu, na kwamba wembe unaong'aa hauna neno. Kutu haina kosa hilo. Vijidudu vya pepopunda huishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, hujifungia katika hali ya mbegu na kusubiri miaka, na huingia mwilini kwa kitu chochote kilichotoboa ngozi baada ya kugusa uchafu, kiwe kimepata kutu au kimetoka dukani asubuhi hiyo.

Maswali mengine mawili yalikuwa mazito zaidi. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki na uwezo wa kuambukiza kwa siku saba au zaidi nje ya mwili, ndani ya damu iliyokauka ambayo hata jicho haliioni. Kwa wahudumu wa afya wanaochomwa na sindano iliyotoka kwa mtu mwenye maambukizi, hatari ya kupata VVU inakadiriwa kuwa watu 3 kati ya 1,000, ilhali kwa homa ya ini B, kwa asiyechanjwa, ni kati ya 6 na 30 kwa kila 100. Wembe hauna uwazi wa kubeba damu kama sindano, kwa hiyo hesabu hizo haziwezi kuhamishiwa juu yake moja kwa moja, lakini zinaonyesha ni ugonjwa gani tunaousahau tunapoogopa ule tuliozoea kuuogopa. Kwa VVU zipo dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio, ambazo zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo inavyofaa, kisha zinywewe siku 28 mfululizo. Ndiyo maana muuguzi alitaka kumjua mwenye ndevu. Nilimpigia simu mume wangu. Hakuuliza kwa nini, hakusema kwamba anadharauliwa. Alipanda bodaboda, akaja, akapima mbele ya yule mzee, na majibu yalipotoka wote wawili walipeana mikono kana kwamba wamemaliza kuuziana kiwanja. Mzee alichomwa sindano ya pepopunda, akafungwa bandeji, nasi tukamlipa siku yake.

Wakati tunasubiri kwenye benchi alikuwa amenionyesha viganja vyake. Alama ndefu chini ya kidole gumba ilikuwa ya chupa ya bia. Nyingine, iliyopinda, ilikuwa ya mfuniko wa kopo la samaki. Nilimwuliza za wembe ziko wapi. “Za wembe huzioni,” alisema. “Wembe hukata vizuri, kidonda kinafunga, hauachi kumbukumbu. Ila ndizo nyingi.”

Toka siku ile nimekuwa nikifikiri jinsi tunavyotupa nyembe, na ninaona kwamba karibu kila njia tuliyofundishwa inalinda vidole vya mtu wa ndani ya nyumba na kuishia hapo. Ukishaupitisha wembe nje ya mlango, au chini ya ardhi, au juu ya dari, umemalizana nao. Makali yake hayana habari na mpaka huo.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Mtu asiyewahi kuishi na fundi anaweza kudhani kwamba chombo chake kikuu ni mkasi, lakini anayefumua mishono kutwa nzima anategemea wembe. Mama alikuwa akiupinda wembe mpya ukiwa bado ndani ya karatasi yake hadi upasuke kwa urefu, akapata vipande viwili vyenye makali upande mmoja tu, ili kidole cha kukandamizia kiwe na mahali pa kukaa. Kipande kinachotumika alikichomeka kwenye kipande cha sabuni ya mche, kile kile alichotumia kuchorea vitambaa, na sabuni hiyo ilikaa upande wa kulia wa cherehani ambako hakuna mtoto aliyeruhusiwa kupeleka mkono. Sumaku kubwa iliyotolewa kwenye spika mbovu ilikuwa ikining'inia mguuni mwa meza kwa uzi, na jioni kabla ya kufagia aliiburuta sakafuni, ikarudi imevaa pini, sindano zilizovunjika na mara nyingine nusu ya wembe. Nyembe nyingi, hata zile zisizoshika kutu, hushikwa na sumaku, kwa kuwa chuma chake ni cha aina inayokubali kukazwa kwa moto, na hicho huvutwa na sumaku tofauti na vijiko na sufuria nyingi za kisasa ambazo pia huitwa hazishiki kutu. Nimeishi katika nyumba nne tangu nilipoolewa na sijawahi kukosa sumaku ya spika. Wembe ukianguka kwenye zulia au kwenye nyasi za uani, macho hayautafuti vizuri kama sumaku iliyofungwa uzi.

Kwa hiyo mama alikuwa hodari wa kutunza wembe unaofanya kazi. Uliokwisha kazi aliurudisha ndani ya kikaratasi chake, akampa mmoja wetu akautumbukize chooni.

Bibi yangu, huko Pangani, alikuwa na njia nyingine. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na makuti, na juu ya mlango wa chumba, pale boriti inapokutana na paa, alichomeka nyembe zilizokwisha pamoja na sindano za kushonea magunia na, kama nilivyokuja kujua baadaye, kucha na nywele zetu zilizonyolewa, ambazo hakutaka zizagae mtu asije akazifanyia ubaya. Nikiwa na miaka saba au minane makuti yalibadilishwa. Wajomba walipanda juu, wakaanza kuyateremsha yale ya zamani kwa mikono, na kabla ya adhuhuri watu wawili walikuwa wamefungwa vitambaa. Bibi alishangaa kwa dhati. Nyembe zile alikuwa ameziweka mahali salama.

Nisingependa kumcheka bibi, kwa kuwa watu waliobuni wembe wa kutupa nao hawakujua wautupe wapi. King Camp Gillette, aliyekuwa mchuuzi wa vizibo vya chupa nchini Marekani kabla ya kuwa tajiri wa nyembe, inasimuliwa kwamba alishauriwa na mwajiri wake abuni kitu ambacho mtu akishakitumia hukitupa na kurudi kununua kingine. Mwaka 1903, mwaka wake wa kwanza sokoni, aliuza mashine 51 za kunyolea na nyembe 168. Baada ya hapo hesabu ilipaa, na kabla yake watu walikuwa na wembe mmoja wa kukunja, wa kunoa kwenye mkanda wa ngozi, ambao baba aliweza kumrithisha mwanawe. Sasa kila nyumba ilizalisha vipande vya chuma chembamba ambavyo haviwezi kunolewa kwa faida wala kutupwa kwa amani. Nyumba nyingi za Marekani za katikati ya karne ya 20 zilitiwa kabati la dawa bafuni lenye mwanya mdogo kwa nyuma, na mwenye kunyoa aliupenyeza wembe humo ukaanguka ndani ya ukuta, katikati ya mbao mbili, ukabaki huko. Hakuna aliyepaswa kuutoa. Mafundi wanaobomoa kuta hizo leo hukuta marundo ya nyembe zenye kutu sakafuni mwa ukuta, na hukumbana nazo kwa namna ile ile wajomba zangu walivyokumbana na makuti.

Choo cha shimo ni ukuta wetu. Wembe ukishaangushwa humo tunahesabu kwamba umekwenda, na katika kijiji ambako shimo likijaa hufukiwa na kuchimbwa jingine, huenda hesabu hiyo ikawa sawa. Mjini shimo halifukiwi, hupakuliwa. Yupo anayeshuka na ndoo, na hata pale linapokuja gari la kunyonya, bomba lake huziba kwa matambara, chupa na nywele za bandia, na kinachofuata ni mtu kuvichokoa na mara nyingine kuvitoa kwa mkono. Mimi mwenyewe niliwahi kutumwa kutumbukiza nyembe kwenye choo ambacho baadaye nilimwona kijana akikipakua, na sikuyahusisha mambo hayo mawili hadi miaka ilipopita. Kuhusu choo cha kuvuta maji sina haja ya kusema mengi: wembe hausafiri, hukaa kwenye kona ya bomba na kukusanya takataka nyingine hadi fundi aitwe.

Moto nao huaminika kupita kiasi. Jirani yetu wa Tanga alichoma taka zake zote kwenye shimo la uani, nyembe zikiwemo, na majivu aliyamwaga kwenye tuta la mchicha. Chuma cha wembe huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,400 na zaidi za Sentigredi, na moto wa makaratasi na majani hauikaribii hali hiyo. Kinachotokea ni kwamba karatasi iliyouficha wembe inaungua, wembe unabadilika rangi na kuwa wa kibluu au mweusi, unafanana na majivu, na unasubiri mtu atakayepalilia kwa mikono. Makali yanapungua ugumu, ni kweli, lakini si kiasi cha kumtuliza mpalilia mchicha.

Dampo ndilo linalopokea nyembe nyingi za Dar es Salaam. Kiroba cha nyumba yangu hupita mikononi mwa mzee na kijana wake, kisha kwa wapakiaji wa lori, kisha kwa watu wanaochambua kabla ya dampo na ndani ya dampo la Pugu Kinyamwezi, wakitafuta plastiki, chuma na chupa za kuuza. Naweza kuhesabu jozi tano za mikono, nyingi zikiwa hazina glovu. Na pembezoni mwa mji, ambako ng'ombe huachwa wajitafutie kwenye majalala, wamo wanyama pia. Ng'ombe hatafuni chakula kwa uangalifu wakati wa kula. Humeza kwanza, akatafuna baadaye akicheua, na chuma alichomeza hutulia kwenye mfuko wa pili wa tumbo, ule unaofanana na sega la nyuki, ambao uko karibu kabisa na moyo. Waya, msumari au kipande chenye ncha kikitoboa hapo, mnyama huanza kukonda na kukataa kutembea mteremko, na mara nyingi mwenyewe hajui sababu. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika nchi nyingi humezesha ng'ombe sumaku ikae humo tumboni na kuvishika vyuma visizurure. Niliposoma hilo kwa mara ya kwanza nilimkumbuka mama na sumaku yake ya spika.

Baada ya Jumamosi ile, wazo langu la kwanza lilikuwa chupa ya maji ya plastiki. Ina mfuniko, iko kila mahali, na mtu anaona kilichomo. Nilipomweleza mzee, alitikisa kichwa. Chupa ya plastiki ina bei. Ndiyo kitu cha kwanza kinachochomolewa kwenye kiroba, na mwenye kuichomoa huifungua, humwaga kilichomo na kuikanyaga ili gunia libebe nyingi. Chupa ngumu za sabuni na dawa ya kufulia nazo huuzwa, zikaenda kusagwa. Kopo la soda hukanyagwa vivyo hivyo kwa kuwa ni la alumini, na tena ni jembamba. Kwa maelezo yake, ningekuwa nimewakusanyia waokotaji nyembe mia moja mahali pamoja na kuzipakia katika chombo ambacho lazima wakifungue. Nakiri kwamba bila yeye ningelifanya hivyo na kuandika makala ya kujisifu.

Tulichokubaliana ni kopo la chuma lisilofunguka. Nililichagua la maziwa mazito matamu, lile dogo, kwa sababu lipo kila duka na bati lake ni gumu. Kabla ya kulitoboa kwa ajili ya maziwa, nilitia bisibisi bapa juu ya mfuniko na kuigonga kwa nyundo, nikaisogeza na kugonga tena, hadi nikapata mwanya mmoja wa urefu wa milimita 25 hivi. Wembe wa kawaida wa makali pande mbili una urefu wa milimita 43, upana wa milimita 22, na unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo huingia kwa upande wa upana wake bila kulazimishwa. Bisibisi hukunja kingo za mwanya kuelekea ndani, na hilo ni jambo la bahati, kwa kuwa midomo hiyo iliyokunjwa huruhusu wembe kuingia lakini ukiligeuza kopo juu chini hautoki. Mwanya mmoja tu hautoi maziwa vizuri, kwa hiyo nilitoboa tundu dogo la msumari ng'ambo ya pili ili hewa iingie.

Hapo nilifanya kosa ambalo naliandika ili mwingine asilirudie. Nililisuuza kopo mara moja kwa maji baridi, nikaliweka juu ya kabati, na asubuhi msururu wa sisimizi ulikuwa umetoka dirishani, ukapita nyuma ya picha ya harusi, ukaingia kwenye mwanya na kutokea kwenye tundu la msumari. Sukari ya maziwa yale haitoki kwa maji baridi. Linahitaji maji ya moto mara tatu au nne, likitikiswa, kisha lianikwe juani siku nzima likiwa limeinamishwa. Anayetaka kuepuka kazi hiyo atumie kopo la kitu cha majimaji kisichotiwa sukari. Kopo la dawa ya mbu au la marashi ya kupuliza lisitobolewe kamwe, hata likionekana tupu, kwa kuwa gesi iliyobaki humo inaweza kulipuka.

Nimeliandika kwa rangi nyekundu ya kucha, herufi kubwa, NYEMBE, USIFUNGUE, na chini yake nikachora wembe, kwa kuwa wapo watakaolishika ambao hawasomi, na mchoro wa wembe wenye tundu lake refu katikati unaeleweka na kila mtu. Linakaa juu ya kabati la nguo chumbani, si bafuni, na hakuna anayelishusha: mume wangu hunyoosha mkono na kupenyeza. Wembe unatoka kwenye mashine moja kwa moja kuingia kopo. Hauwekwi kwanza ukingoni mwa sinki, hauwekwi kwenye kisahani cha sabuni, hausubiri kesho. Nikiangalia nyuma, majeraha karibu yote ya nyembe ninayoyakumbuka nyumbani kwetu yalitokana na wembe uliokuwa umewekwa mahali “kwa muda”.

Vile vinyoleo vya plastiki vyenye mpini, vya kutumia mara chache na kutupa, haviingii kwenye mwanya huo, nami sijapata njia ya kuvipenda. Vinabeba nyembe mbili tatu zilizozama kwenye plastiki, kwa hiyo havikati kirahisi kama wembe ulio uchi, lakini vikikanyagwa plastiki hupasuka na nyembe hutoka. Tukiwa navyo, tunarudishia kifuniko chake, tunavizungushia utepe wa gundi na kuviweka kwenye kopo la pili, kubwa, la maziwa ya unga.

Wembe ambao bado unatumika una masharti yake. Kila mtu ana wake, na hapa sina mzaha. Nikiwa mdogo, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, baba alitupanga uani watoto watatu, akatulowesha vichwa kwa povu na kutunyoa kwa wembe mmoja, mkubwa hadi mdogo, akiusuuza katika bakuli lile lile. Alikuwa baba mwema mwenye wembe mmoja. Kwa ninayoyajua leo kuhusu siku saba za homa ya ini B, nisingeruhusu wanangu washirikiane wembe hata kwa kucha. Wanangu wamechanjwa utotoni kama watoto wengine wa siku hizi, lakini mimi na mume wangu tulikuwa hatujachanjwa, na baada ya mambo ya zahanati tulikwenda tukapima, tukaanza dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya kwanza na ya tatu miezi sita baada ya hiyo ya kwanza. Mzee tulimshawishi naye akaenda.

Tunao msemo ambao kila Mswahili anaujua, mtoto akililia wembe mpe, na nimewahi kuwasikia watu wazima wakiutumia kwa furaha ambayo siielewi. Binti yangu hakuulilia. Alipewa. Alikuja nyumbani na wembe katika mkebe wake wa hisabati kwa kuwa wenzake darasani wanachongea penseli, na hakuwa ameufunga kitu chochote, ulikuwa umelala baina ya rula na kifutio. Kichongeo ni bei ya andazi. Nilimnunulia viwili, nikauchukua wembe ule, nikamwinua hadi juu ya kabati ili autumbukize kopo mwenyewe. Tangu hapo amejifanya msimamizi wa kopo, na anajua mlio wake: mwanzoni wembe ulianguka kwa sauti kali ya bati, sasa unaanguka juu ya wenzake na kutoa mchakacho mdogo tu.

Limebaki swali la kopo lililojaa. Letu bado. Kwa kasi yetu ya nyembe zisizozidi mia moja kwa mwaka, na kwa kuwa zinaanguka ovyo bila kupangika, nakadiria litahitaji miaka kama minne, na hiyo ndiyo faida ya kopo ambayo sikuitegemea: siku hatari ya kutoa nyembe nje ya nyumba imekuwa moja badala ya kila Jumamosi kwa miaka minne. Siku hiyo nitalaza midomo ya mwanya kwa nyundo, nitaziba matundu yote mawili kwa gundi ngumu ya kuungia bati, na sitalitia ndani ya kiroba. Litatoka mkononi mwangu kwenda mkononi mwa mtu anayejua kilichomo. Nilimwuliza mnunuzi wa chuma chakavu aliye karibu na kituo cha daladala kama angelipokea, akalipima kwa macho na kusema atalipokea lisipofunguliwa, liende na chuma kingine kwenye viwanda vinavyoyeyusha chakavu kutengeneza nondo, ambako tanuri ndilo hasa linaloumaliza wembe. Kwenye zahanati na hospitali wanayo masanduku ya njano ya vitu vyenye ncha kali, yanayofungwa yakifika robo tatu na kuteketezwa, na aliye jirani nao anaweza kuuliza kama watampokelea kopo lake. Aulize kwanza, asilibebe na kuliacha mlangoni. Kwa aliye shamba, mbali na vyote hivyo, kopo lililozibwa likifukiwa chini sana, mahali ambapo hapatalimwa wala kuchimbwa msingi, ni afadhali mara nyingi kuliko majivu na choo.

Mzee bado anakuja Jumamosi. Ananiamkua kwa kucheka, nami namwamkia shikamoo kwa aibu ambayo haijanitoka yote. Kabla ya kukipandisha kiroba changu begani hukigusagusa chini kwa kidole kimoja kilichokunjwa, polepole, kama mtu anayebonyeza parachichi. Sijamwambia aache. Hufanya hivyo kwa viroba vya mtaa mzima.